Somo Kuu la Daktari wa Meno: Historia ya Sharti Lisiloandikwa

Kijana wa Marekani anayetaka kuwa daktari wa meno hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Dar es Salaam hulimaliza akiwa bado na sare za shule. Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha tano akichukua tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, ile PCB, na akafaulu vizuri, anaweza kuingia Muhimbili moja kwa moja na kusomea meno kwa miaka mitano. Mmarekani hana njia hiyo. Yeye hutakiwa kwanza apite chuo, kwa kawaida miaka minne, asomee shahada ya kwanza katika somo kuu alilolichagua mwenyewe, ndipo aombe nafasi katika shule ya meno atakakokaa miaka mingine minne. Swali linalomwandama tangu muhula wa kwanza ni achague somo gani. Jibu analolisikia kwa washauri, kwa wazazi na kwa wenzake bwenini ni baiolojia, na hulisikia kwa uhakika kiasi kwamba huliona kama kanuni. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo halitokani na sharti lenyewe la kupita chuo kwanza. Ukiifuata historia ya sharti hilo tangu lilipoanza, unakuta miaka ya chuo iliwekwa mbele ya shule ya meno kwa ajili ya mambo mawili, kemia na hadhi, na kwamba katika hatua zake kubwa walioliandika walitaja kozi chache za lazima na kuliacha somo kuu mikononi mwa mwanafunzi. Desturi ya baiolojia ilikuja baadaye, kwa urahisi na kwa ushindani, na imewanyima vijana wengi uhuru ambao sharti lilikusudia wawe nao.

Kabla ya 1840 hapakuwa na shule ya meno popote duniani iliyotoa shahada. Aliyetaka kazi hiyo alijiunga na mwenye uzoefu, akamlipa ada, akashika vyombo vyake na kuangalia anavyong'oa, anavyoziba na anavyochonga meno ya bandia. Uanagenzi wa namna hiyo ungeweza kuchukua miaka miwili au wiki chache tu, na hakuna aliyeuliza mwanagenzi alisoma nini kabla. Mwaka 1840 bunge la jimbo la Maryland lilitoa hati ya kuanzisha Baltimore College of Dental Surgery, chuo kilichoasisiwa na Horace Hayden na Chapin Harris. Kuna masimulizi yaliyorudiwa kwa vizazi kwamba wawili hao waliomba kwanza meno yafundishwe katika kitivo cha udaktari cha University of Maryland wakakataliwa. Wanahistoria wa fani wameyatilia shaka. Jambo lililo wazi ni kwamba chuo kilianza na wanafunzi watano, wawili kati yao wakahitimu 1841, na shahada waliyopewa, DDS, ndiyo inayotolewa hadi leo na shule nyingi za Marekani. Masomo yalikuwa vipindi viwili vya mihadhara, kila kimoja cha miezi michache. Kwa mlango wa kuingilia, chuo hakikudai elimu yoyote ya juu.

Hayden anastahili kutazamwa zaidi, maana watu wanaomtaja kama mwasisi husahau alikotoka. Alizaliwa Connecticut mwaka 1769, akafanya kazi za ujenzi ujanani, kisha akavutwa na meno baada ya kuonana na John Greenwood, daktari wa meno wa George Washington, jijini New York. Alipohamia Baltimore alijisomea udaktari, lakini hakuacha kuchunguza miamba. Mwaka 1820, miaka ishirini kabla ya chuo chake kufunguliwa, alichapisha kitabu cha jiolojia. Sisemi kwamba jiolojia ndiyo iliyomfanya mng'oaji mzuri wa meno. Nasema kwamba mmoja wa watu wa kwanza kudai meno yafundishwe chuoni kwa mihadhara ya anatomia na fiziolojia alikuwa tayari amezoea kuuliza kitu kimeundwaje na kwa nini kiko hivyo, na mazoea hayo aliyapata nje ya kinywa cha mgonjwa.

Miaka sitini iliyofuata ilikuwa ya shule za watu binafsi. Madaktari watatu au wanne walikodi jengo, wakanunua viti, wakatangaza shahada na kugawana ada za wanafunzi. Baadhi walifundisha kwa uadilifu. Wengine waliuza vyeti, na baadhi ya vyeti hivyo vilivuka bahari hadi Ulaya, vikaiharibu sifa ya shahada ya Kimarekani huko kwa miaka mingi. Vyuo vikuu vilianza kuingia taratibu: Harvard ilifungua shule yake ya meno 1867, ya kwanza kuwa chini ya chuo kikuu, na University of Michigan ikafuata 1875. Katika kundi la kwanza kabisa la Harvard alikuwamo Robert Tanner Freeman, aliyehitimu 1869 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya meno. Lucy Hobbs alikuwa ameshatangulia kwa wanawake, akahitimu Ohio College of Dental Surgery mwaka 1866 baada ya kukataliwa mlangoni kwa sababu ya jinsia yake na kuendesha kwanza kliniki yake mwenyewe. Kwa wote hao, mbali na vizuizi kama hicho, kilichohesabiwa mlangoni kilikuwa kusoma na kuandika vizuri, ada, na mara nyingi barua ya daktari aliyewafundisha kazi. Shule zenyewe ziliungana 1884 na kuanza kupandisha kiwango kidogo kidogo, kwanza elimu ya msingi, kisha sehemu ya sekondari, kisha sekondari nzima.

Kilichobadilisha mambo kilianzia kwenye maabara moja ya Berlin. Willoughby Miller, kijana wa Ohio, alihitimu shahada yake ya kwanza University of Michigan mwaka 1875, akaenda Edinburgh kuendelea na sayansi na hisabati, na mambo ya meno yalimkuta Ujerumani, akiwa mtu mzima mwenye elimu nyingine kichwani. Alirudi Marekani kuchukua DDS huko Philadelphia mwaka 1879, kisha akarejea Berlin, mji ambao Robert Koch alikuwa akiufundisha ulimwengu namna ya kuotesha bakteria. Jaribio la Miller linaweza kuelezwa kwa mtoto. Alichukua meno yaliyong'olewa, akayatia ndani ya mate yaliyochanganywa na mkate au sukari, akayaacha katika joto la mwili wa binadamu. Meno yalilainika, madini yake yakayeyuka. Alipotumia nyama badala ya mkate, hayakulainika. Hitimisho lake, lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1890 katika kitabu kikubwa kuhusu vijidudu vya kinywa, lilikuwa kwamba bakteria hula wanga na sukari, hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo huanza kulibomoa jino. Tangu hapo kuoza kwa jino kukawa jambo la kemia na baiolojia ya vijidudu, na mtu asiyejua asidi ni nini asingeweza tena kudai kwamba anaelewa anachokiziba.

Mwanagenzi wa zamani hakuwa na mahali pa kujifunzia hayo. Daktari wa mji mdogo wa Illinois kwa kawaida hakuwa na hadubini wala tanuri la kuoteshea bakteria, na shule ya watu binafsi haikutaka kununua maabara ambayo ingekula faida ya wenye shule. Kemia ilikuwa chuoni, na chuo wakati huo huo kilikuwa kinabadilika. Charles Eliot, rais wa Harvard tangu 1869 hadi 1909, alivunja ratiba ya kale ya Kilatini na Kigiriki na kuwaachia wanafunzi wachague kozi. Johns Hopkins, iliyofunguliwa Baltimore 1876, mji ule ule wa Hayden, ilipanga masomo ya shahada ya kwanza kwa mafungu, na moja ya mafungu hayo liliwaandaa waliotaka kwenda kwenye udaktari. Shule yake ya udaktari ilipofunguliwa 1893 ilidai kila mwombaji awe na shahada ya kwanza, awe amesoma kemia, fizikia na baiolojia, na aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani. Orodha hiyo ndiyo mama wa masharti yote yaliyofuata Marekani, ya udaktari na ya meno. Inataja sayansi tatu na lugha mbili. Haisemi mwombaji awe amebobea katika mojawapo.

Madaktari wa meno walikuja kufuata njia hiyo baada ya kuaibika. Mwaka 1910 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti ya Abraham Flexner kuhusu shule za udaktari, na shule nyingi dhaifu zikafungwa au zikaunganishwa. Kwa nini meno yaachwe? Carnegie ilimwajiri William Gies, mwanabaiokemia wa Columbia University ambaye hakuwa daktari wa meno na hakuwahi kuwa. Gies alizitembelea shule za meno za Marekani na Canada, akakusanya barua, bajeti na ratiba kwa miaka kadhaa, na mwaka 1926 akachapisha ripoti ya karibu kurasa 700. Pendekezo lake lilikuwa kwamba meno yabaki taaluma inayojitegemea lakini iwe na uzito sawa na tawi la udaktari, na kwamba mwanafunzi asome chuo miaka miwili kabla ya kuingia, kisha miaka mitatu ya meno, na atakaye ubingwa aongeze. Alitaka shule ziwe ndani ya vyuo vikuu na zisiishi kwa ada peke yake. Ripoti yake inahusu utafiti, maktaba, walimu wa kudumu na heshima ya taaluma kuliko inavyohusu mbinu za kuziba jino. Miaka miwili ya chuo ilikuwa sehemu ya kifurushi hicho: daktari wa meno aketi meza moja na daktari wa tiba, mwenye elimu ya jumla inayolingana na yake.

Walikuwepo waliotaka zaidi ya hapo na waliotaka pungufu. Alfred Owre, aliyeiongoza shule ya meno ya Minnesota kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kwenda Columbia, aliona daktari wa meno asomeshwe kama tabibu kamili, na kazi za mikono, kama kutengeneza meno ya bandia, waachiwe wasaidizi. Madaktari wenye kliniki walimpinga vikali, maana mikono ndiyo iliyokuwa riziki yao. Upande wa pili walikuwapo wanaohofu kwamba kila mwaka mmoja wa chuo unaoongezwa unamfungia nje mtoto wa mkulima na kuviacha vijiji bila mganga wa meno. Hofu hiyo ilikuwa na ukweli. Kwa Wamarekani Weusi ilikuwa nzito zaidi: majimbo ya Kusini yaliwapa sekondari chache, achilia mbali vyuo, na kwa miongo mingi shule mbili tu, Howard ya Washington iliyoanza 1881 na Meharry ya Nashville iliyoanza 1886, ndizo zilizowasomesha wengi wa madaktari wao wa meno. Sharti la miaka ya chuo halikuwa uzio wa haki kwa kila mtu. Atakayesimulia historia hii kama safari ya maendeleo matupu atakuwa ameacha nusu ya watu nje ya mlango.

Hata hivyo sharti lilipita. Kozi ya meno yenyewe ilishafikia miaka minne mwaka 1917, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 miaka miwili ya chuo ilikuwa kiwango cha chini cha shule zote zilizotambuliwa. Kozi zilizotajwa zilikuwa baiolojia, kemia, fizikia na Kiingereza. Kiingereza kiliwekwa humo kwa makusudi. Waliopanga walijua kwamba daktari ataandika kumbukumbu za wagonjwa, atasoma majarida na kueleza kwa maneno rahisi kwa nini jino haliwezi kuokolewa. Muda uliobaki, ambao haukuwa mdogo, ulikuwa wa mwanafunzi.

Basi baiolojia ilishikaje nafasi iliyo nayo? Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, sheria ya kuwasomesha askari waliorudi iliujaza kila ukumbi wa mihadhara. Waombaji wakazidi nafasi, na mwenye miaka miwili ya chuo akajikuta akishindana na mwenye minne. Hakuna kikao kilichoamua kwamba shahada ya kwanza ni lazima; ilikuwa lazima kwa sababu mshindani wako alikuwa nayo, na hadi leo zipo shule zinazompokea kwa maandishi mtu mwenye krediti 90 tu huku karibu kila anayeingia akiwa na shahada kamili. Mtu aliyekwisha kubeba kozi za sayansi za lazima akaambiwa sasa anahitaji shahada nzima, alitazama ni somo lipi lililokuwa karibu kukamilika tayari. Lilikuwa baiolojia. Mshauri wa chuo, mwenye wanafunzi mia mlangoni, aliona ni salama kuwaelekeza wote huko. Hivyo ndivyo desturi ilivyozaliwa, na watoto waliokuja baadaye waliikuta imevaa joho la kanuni.

Mtihani wa kujiunga unathibitisha kwamba wenye shule walikuwa wakitafuta kitu kipana zaidi. Ulipoenea nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa na sehemu ambayo hakuna profesa wa baiolojia aliyeifundisha: kuchonga chaki. Mtahiniwa alipewa kipande cha chaki, kisu, rula na mchoro wenye vipimo. Alitakiwa kuondoa chaki kidogo kidogo mpaka kingo, pembe na mitelemko ilingane na mchoro, bila kuvunja kipande, na saa inakimbia. Wasahihishaji walipima kama nyuso zimenyooka na pembe ni kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chaki iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na maswali ya karatasi yanayopima uwezo wa kuona umbo kwa akili: kitu hiki kitapita katika tundu lipi, karatasi hii iliyokunjwa na kutobolewa ikifunguliwa itakuwaje, pembe ipi ni ndogo kuliko zote. Sehemu hiyo imo hadi leo, pamoja na baiolojia, kemia ya jumla na kemia ya kaboni, ufahamu wa kusoma na hesabu. Mwanafunzi wa usanifu majengo au uchongaji ana mazoezi ya miaka katika jambo ambalo mwenzake wa baiolojia hulikuta kwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha kujiandalia mtihani.

Pingamizi la kwanza nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni la mwenye busara. Litasema: iwe desturi au kanuni, baiolojia inaokoa muda. Kozi za lazima zimo ndani yake, mwanafunzi hatazidiwa na mzigo, na akifika mwaka wa kwanza wa shule ya meno, histolojia na fiziolojia hazitamshtua. Hayo ni kweli, na aliyeipenda baiolojia tangu utoto asome baiolojia, hana la kujuta. Lakini tuzipige hesabu kozi zenyewe. Shule nyingi hudai mwaka mmoja wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya kaboni na mwaka wa fizikia, kila mmoja ukiwa na maabara na krediti kama 8. Hizo ni 32. Ongeza baiokemia na kozi mbili za Kiingereza, unafika kama 41. Shahada ya kwanza ya Marekani ni krediti kama 120. Theluthi moja imeshikwa. Theluthi mbili ziko huru. Mwanafunzi wa historia, wa uchumi, wa muziki au wa Kihispania anaweza kuzibeba kozi hizo pembeni ya somo lake kwa kupanga vizuri tangu mwaka wa kwanza. Atapata taabu, hasa katika mihula yenye maabara mbili, na asiyeweza kuvumilia kemia ya kaboni hataokolewa na somo kuu lolote. Taabu hiyo inapimika, na haifiki kiwango cha kumlazimisha mtu asiyependa baiolojia aisome miaka minne, apate alama za wastani, kisha ashindane kwa alama hizo hizo. Kamati za kupokea wanafunzi hutazama wastani wa alama kwa makini sana, na alama hupanda mtu akisoma anachokipenda.

Pingamizi la pili litanigeukia kwa historia yangu mwenyewe. Litasema nimechagua watu wa ajabu, Hayden na miamba yake, Miller na hisabati yake, na kwamba kwa kila Miller walikuwapo maelfu waliofanya kazi njema bila elimu ya ziada. Tena Greene Vardiman Black, anayeitwa baba wa tiba ya meno ya kisasa Marekani, alikaa shuleni kwa muda mfupi sana utotoni na alijifunza meno kwa uanagenzi. Nakubali, na Black hasa ndiye anayeifaa hoja hii. Alizaliwa Illinois 1836, akafungua kliniki mji wa Jacksonville, na usiku alijisomesha kemia, hadubini na sayansi ya metali. Alichanganya fedha, bati na zebaki kwa viwango tofauti, akapima kwa vyombo alivyovibuni mwenyewe mchanganyiko upi unavimba na upi unasinyaa ndani ya jino, mpaka akapata usiovujisha. Mwaka 1897 alikuwa mkuu wa shule ya meno ya Northwestern. Kazi hiyo ni ya mtu wa metali kama ilivyo ya mtu wa meno. Chuo kilichokuja baadaye kilikusudiwa kuwapa wengi kile ambacho Black alikipata kwa kukesha, na hakikuwahi kukusudiwa kuwapa wote kitu kimoja.

Mfano wa pili unawagusa wasomaji wetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, wanaojua meno ya kahawia yanayotokana na maji. Mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia ambayo hayakuandikwa katika kitabu chochote alichosoma. Alimwandikia Black, na mzee huyo akaja kuyatazama. Walithibitisha kwamba tatizo hutokea jino likiwa bado linakua, na kwamba meno hayo, jambo la kushangaza, hayaozi kwa urahisi. McKay alishuku maji kwa miaka mingi, lakini vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, aliyapima maji hayo kwa mbinu ya kupiga picha mwanga wa elementi, na floraidi ikaonekana, nyingi kupita kiasi. Kutokana na hapo ukaja utafiti wa Trendley Dean wa kiwango salama, na Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kutia floraidi kwenye maji ya bomba ili kuzuia kuoza. Kuanzia Colorado hadi mteremko wa Meru, fumbo hilo lilihitaji daktari wa meno anayetazama, mkemia wa kiwandani mwenye chombo kisicho cha meno, na mtaalamu wa takwimu za afya. Taaluma inayowavuta wanafunzi wake wote kutoka idara moja inapunguza uwezekano wa kuwa na watu wa namna hiyo ndani yake.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu, na linatoka kwetu Afrika Mashariki. Kama Nairobi tangu miaka ya 1970, kisha Muhimbili na Makerere, wamesomesha madaktari wa meno walioingia moja kwa moja kutoka sekondari, na madaktari hao wanatibu vizuri, miaka minne ya chuo ya Mmarekani ni ya nini? Ni ghali, na mhitimu wa Marekani huanza kazi akiwa na deni ambalo daktari wa Dodoma hawezi kuliwazia. Baadhi ya vyuo vya Marekani vimelisikia pingamizi hili na kufungua njia fupi: University of the Pacific ya California, kwa mfano, ina mpango wa miaka miwili ya chuo na mitatu ya meno, na vyuo vingine vina mipango ya miaka saba. Mtaalamu aliyesomea Muhimbili akihamia Marekani na kutaka leseni, kwa kawaida huingia programu maalumu ya miaka miwili au mitatu iliyotengenezwa kwa madaktari waliosomea ng'ambo, na huko haulizwi alikuwa na somo gani kuu, maana hakuwa nalo. Wamarekani wenyewe, kwa mpango huo, wanakiri kwamba mikono na maarifa ya kitabibu vinaweza kujengwa bila miaka minne ya awali.

Ungamo hilo ndilo linaloipa hoja yangu nguvu. Kama miaka ya chuo ingekuwa ya kumfundisha mtu baiolojia ya kutosha kutibu meno, basi mfumo wetu ungekuwa umeishinda, kwa sababu unafundisha baiolojia hiyo hiyo ndani ya miaka mitano kwa gharama ndogo. Anayeijaza miaka minne yote kwa baiolojia analipia mara mbili kitu ambacho shule ya meno itamfundisha tena, kwa kina zaidi, katika mihula yake ya kwanza. Miaka hiyo ina thamani pale tu inapotoa ambacho shule ya meno haina nafasi ya kukitoa: takwimu za kutosha kusoma utafiti bila kudanganywa, lugha ya mgonjwa wa mtaa atakaofanyia kazi, uelewa wa bima na wa gharama za kuendesha kliniki, jicho la umbo na nafasi. Hilo lina uzito wa pekee kwa vijana wenye asili ya Kenya, Tanzania au Kongo wanaosoma Marekani, ambao wazazi wao walilelewa katika mfumo wa PCB au unaofanana nao na huona somo lolote nje ya sayansi kama kupotea njia. Katika mfumo waliolelewa nao, wazazi hao wako sahihi: ukiikosa tahasusi umekosa taaluma. Katika mfumo wanaoishi nao sasa, kijana aliyechukua uchumi au saikolojia na kuzikamilisha kozi zile za lazima kwa alama nzuri yuko ndani ya masharti kwa ukamilifu ule ule wa aliyechukua baiolojia.